Kitenzi 'tale' cha Kidenmaki na Mipaka ya 'sema'

1. Utangulizi

Afunguaye kitabu chochote cha masomo ya mwanzo ya Kidenmaki hatapindua kurasa nyingi kabla ya kukutana na kitenzi 'tale'. Ni miongoni mwa maneno anayoyahitaji mgeni siku ya kwanza: anapoulizwa kama anaijua lugha, anapomwomba mwenziwe aseme polepole, anapotaka kuzungumza na fulani kwa simu. Mwenye kujua Kiswahili akiuliza maana yake ataambiwa mara moja kwamba 'tale' ni 'sema'. Jibu hilo si la uongo. Lakini ni kweli kwa nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomponza mwanafunzi, mkalimani na mtunga kamusi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitenzi hicho kinavyotumika katika sentensi za kila siku, na kukilinganisha na vitenzi vya Kiswahili vinavyokikaribia. Hoja kuu ni kwamba 'tale' hutaja tendo la kunena, lakini hakibebi kinachonenwa. Kidenmaki kina kitenzi kingine, 'sige', cha kubebea maneno yenyewe. Kiswahili hakiweki mpaka mahali hapo: 'sema' huingia pande zote mbili, na mipaka yake mingine huchorwa kwa viambishi ndani ya kitenzi. Kwa hiyo anayetafsiri neno kwa neno huvuka mpaka asiouona.

Kidenmaki ndiyo lugha ya Denmaki, nchi yenye watu wapatao milioni 6, nayo ni ndugu wa karibu wa Kiswidi na Kinorwe. Uhusiano wake na Kiswahili si mpana, lakini upo. Huko Usa River, karibu na Arusha, palianzishwa katika miaka ya 1960 kituo ambacho Wadenmaki waliokuja kufanya kazi za kujitolea walifundishwa Kiswahili kwa miaka mingi. Kwa upande wa pili, miongoni mwa watu waliohamia Denmaki wamo wanaojua Kiswahili, wakiwamo wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, ambao hawana budi kujifunza Kidenmaki ili wapate kazi, wasikilizwe ofisini, na wazungumze na walimu wa watoto wao. Kwa watu hao tofauti zitakazoelezwa hapa si za kinadharia tu.

2. Maumbo ya kitenzi

Maumbo ya 'tale' ni machache. Pamoja na neno 'at', ambalo hufanya kazi ya kiambishi 'ku-', husemwa 'at tale', yaani kusema. Wakati uliopo ni 'taler', wakati uliopita 'talte', hali timilifu 'har talt', na amri ni 'tal'. Umbo la wakati uliopo halibadiliki kwa nafsi wala kwa idadi:

(1) Jeg taler. (Nasema.)
(2) Du taler. (Wasema.)
(3) Vi taler. (Twasema.)
(4) De taler. (Wanasema.)

Zamani maandishi ya Kidenmaki yalitofautisha umoja na wingi, na kwa wingi iliandikwa 'vi tale'. Desturi hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka katika usemi wa kawaida, nayo ikaachwa katika maandishi kuelekea mwaka 1900. Tangu hapo kazi yote ya kuonyesha mtendaji imebaki kwa nomino au kiwakilishi kilicho nje ya kitenzi. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kwamba 'nasema' ni sentensi kamili, huelekea kuangusha kiwakilishi hicho. Naye mwanafunzi wa Kidenmaki anayejifunza Kiswahili huelekea kukizidisha, akasema 'mimi ninasema' mahali ambapo hapana haja ya kusisitiza nafsi.

Uchache huo wa maumbo huleta mgongano. Neno 'taler' laweza kuwa kitenzi cha wakati uliopo; laweza kuwa nomino yenye maana ya msemaji au mhutubu; tena laweza kuwa wingi wa nomino 'tale', yaani hotuba. Umbo 'tal', likiwa amri, ni 'sema!', likiwa nomino, ni nambari. Mgongano ulio mkubwa zaidi umo katika 'talte', kwa kuwa kitenzi 'tælle', yaani hesabu, nacho wakati wake uliopita huandikwa 'talte'. Kwa sababu hiyo sentensi ifuatayo ina maana mbili:

(5) Hun talte til ti.
(a) Alihesabu hadi kumi.
(b) Alisema na watu kumi.

Mdenmaki akiisikia bila muktadha atachukua maana ya (a). Maana ya (b) hujitokeza inapoongezwa nomino: 'Hun talte til ti mennesker'. Mgongano huu si wa bahati nasibu. Mizizi ya kunena na ya kuhesabu ina asili moja katika lugha za jamii hii, na athari yake imo hata katika kitenzi 'fortælle', yaani simulia, ambacho ndani yake mna 'tælle'. Kijerumani nacho kina 'zählen' kwa kuhesabu na 'erzählen' kwa kusimulia. Asimuliaye, kwa fikra hiyo ya kale, huyapanga matukio moja baada ya jingine kama ahesabuye.

3. 'Tale' na 'sige'

Mpaka ulio muhimu kuliko yote ni ule ulio kati ya 'tale' na 'sige'. Hebu zitazamwe sentensi hizi:

(6) Hun taler dansk. (Anasema Kidenmaki.)
(7) Hun siger, at hun kommer. (Anasema kwamba atakuja.)
(8) Barnet kan ikke tale endnu. (Mtoto hajaweza kusema bado.)
(9) Hvad siger du? (Unasema nini?)

Kiswahili kimetumia 'sema' mara nne. Kidenmaki kimetumia vitenzi viwili, na havibadilishani nafasi. Haiwezekani kusema 'Hun taler, at hun kommer', wala 'Hun siger dansk'. Sentensi ya kwanza humstaajabisha Mdenmaki kama vile mtu wa pwani angestaajabu kusikia 'Anaongea kwamba atakuja'. Naye mwanafunzi aliyefundishwa kwamba 'tale' ni 'sema' hufanya kosa hilo bila kujua, maana hakuonyeshwa mpaka.

Kanuni yaweza kuelezwa hivi. 'Tale' hujibu swali, 'Anafanya nini?' 'Sige' hujibu swali, 'Kasema nini?' 'Tale' ni tendo kama kutembea au kula. Laweza kuwa la haraka au la polepole, la sauti kubwa au ndogo, la adabu au la ufidhuli. Kwa hiyo hufuatwa kwa wepesi na maneno ya namna: 'tale langsomt' (kusema polepole), 'tale højt' (kusema kwa sauti), 'tale i telefon' (kuzungumza kwa simu). Mzazi humwambia mtoto 'Tal pænt!', yaani sema kwa adabu. 'Sige' ni chombo cha kubebea maneno, nacho hudai kielezwe kilichobebwa: neno, sentensi, au walau 'det', yaani hilo.

Kanuni hiyo ina vighairi vichache. 'Tale' huweza kufuatwa na jina la lugha, kama katika (6), na pia na nomino chache tupu zinazotaja uwanja wa mazungumzo, kama 'tale politik' (kuzungumza siasa) na 'tale forretning' (kuzungumza mambo ya biashara). Husemwa pia 'tale sandt', yaani kusema kweli. Lakini hata hapo linalotajwa ni aina ya kunena, si maneno yaliyonenwa. Asemaye kwamba watu wawili 'taler politik' hajatoa habari hata moja ya walilosema.

Upande wa Kiswahili, kuna jambo linaloonyesha kwa nini 'sema' hakikuhitaji kugawanywa hivyo. Neno 'kwamba', linalotangulia maneno yaliyonenwa, lenyewe ni kitenzi cha kunena kwa asili: ni 'ku-' na 'amba', kitenzi cha kale kilichobaki katika 'ambia' na katika virejeshi vya 'ambaye' na 'ambacho'. Kwa hiyo katika 'anasema kwamba atakuja' mna vitenzi viwili vya kunena vilivyopangwa sambamba: cha kwanza hutaja tendo, cha pili hufungua mlango wa maneno. Kazi ambayo Kidenmaki huigawa kwa kuchagua kitenzi, Kiswahili huikamilisha kwa kuongeza neno baada ya kitenzi kile kile.

'Ambia' nacho hakina mwenzi mmoja. 'Aliniambia kwamba atakuja' ni 'Han sagde til mig, at han kom', au 'Han fortalte mig, at han kom'. Panapokuwa na habari ndefu au kisa, 'fortælle' ndicho kifaacho. Panapokuwa na neno fupi au agizo, 'sige til'. 'Tale' hakimo kabisa katika tafsiri hii, ijapokuwa mwanafunzi aghalabu hukitafuta humo.

4. Vihusishi vinavyofuata 'tale'

Kwa kuwa 'tale' hakibebi maneno, uhusiano wake na watu na mambo huonyeshwa na vihusishi. Vitatu ndivyo vya kila siku:

(10) Må jeg tale med lægen? (Naweza kuzungumza na daktari?)
(11) Vi taler om vejret. (Tunazungumzia hali ya hewa.)
(12) Læreren taler til børnene. (Mwalimu anasema na watoto, anawahutubia watoto.)

'Med' huonyesha kwamba pande zote mbili hunena. 'Til' huonyesha kwamba mmoja hunena na mwingine husikiliza. Tofauti hii Kiswahili chaweza kuificha, kwani 'alisema na watoto' hufaa kwa hali zote mbili, au chaweza kuidhihirisha kwa kunyambua kitenzi: 'alizungumza na watoto' upande mmoja, 'aliwasemesha watoto' upande wa pili. Mdenmaki akilalamika kwamba fulani 'taler til mig, ikke med mig', ana maana kwamba fulani humtolea maneno bila kumpa nafasi ya kujibu. Mkalimani atakayesema 'ananisemesha, hazungumzi nami' amefika; atakayesema 'anasema nami, hasemi nami' amepotea.

'Om' hutaja jambo linalozungumzwa, na Kiswahili kina njia mbili za kulieleza: kwa neno la nje, 'kuzungumza juu ya' au 'kuzungumza kuhusu', na kwa kauli ya kutendea, 'kuzungumzia'. Pana hatari moja. Mtu akidhani kwamba shamirisho la kitenzi 'sema' latosha kuchukua nafasi ya 'om', atatafsiri 'De taler om hende' kuwa 'wanamsema'. Kumbe 'kumsema mtu' kwa Kiswahili ni kumlaumu, kumkaripia au kumsengenya. 'Tale om' peke yake hakina lawama hiyo. Tafsiri salama ni 'wanamzungumzia'. Kidenmaki kikitaka lawama kina kitenzi chake, 'bagtale', kilichoundwa kwa 'bag', yaani nyuma. Kiswahili kimefikia maana ile ile kwa kiambishi kidogo cha shamirisho.

Kihusishi kilekile huingia katika nahau zinazosikika kila siku. 'Det kan vi tale om' huonyesha kwamba jambo laweza kujadiliwa, yaani mlango haujafungwa. 'Ikke tale om!' ni kinyume chake: hata kidogo, haiwezekani! Hapo 'tale' ni nomino, na maana ya asili ni kwamba suala hilo halifai hata kunenwa. Tena kuna 'for ikke at tale om', ambayo Kiswahili hukidhi kwa neno moja, 'sembuse': jumba halikusalimika, sembuse kibanda. Asiyejua nahau hizi ataona katika kila moja tendo la kusema, hali tendo hilo limekwisha kufifia.

5. Nafasi ya kitenzi na ukanushi

Katika sentensi kuu ya Kidenmaki kitenzi chenye njeo hukaa nafasi ya pili. Likitangulizwa neno jingine lisilo mtendaji, mtendaji husogea nyuma ya kitenzi. Na katika swali la ndiyo au la, kitenzi huja mbele kabisa:

(13) Hun taler dansk i dag. (Leo anasema Kidenmaki.)
(14) I dag taler hun dansk. (maana ile ile, 'leo' likitangulia)
(15) Taler hun dansk? (Je, anasema Kidenmaki?)

Kanuni hii huwashinda wengi wanaotoka katika lugha zisizobadili mpangilio kwa swali. Kiswahili huuliza kwa kiimbo au kwa 'je', na mpangilio wa maneno hubaki ulivyo. Mwanafunzi husema 'Hun taler dansk?' kwa kupandisha sauti, na Mdenmaki humwelewa, ila husikia mshangao mahali pa swali.

Ukanushi ni jambo jingine. Kiswahili hukanusha ndani ya kitenzi chenyewe, mwanzoni kwa 'ha-' au 'si-', na katika wakati uliopo hata irabu ya mwisho hubadilika: anasema, hasemi. Kidenmaki hutumia neno huru, 'ikke', na mahali pake hutegemea aina ya sentensi:

(16) Hun taler ikke dansk. (Hasemi Kidenmaki.)
(17) Hun tier, fordi hun ikke taler dansk. (Ananyamaza kwa sababu hasemi Kidenmaki.)

Katika (16), ambayo ni sentensi kuu, 'ikke' hufuata kitenzi. Katika kishazi tegemezi cha (17), kinachoanzia 'fordi', 'ikke' hutangulia kitenzi. Kwa Kiswahili kitenzi ni kimoja katika sentensi zote mbili, 'hasemi', wala utegemezi wa kishazi haukigusi. Ni rahisi kwa mwalimu kudhani kwamba mwanafunzi asemaye 'fordi hun taler ikke dansk' hakusikia vizuri. Ukweli ni kwamba lugha yake haikumpa sababu ya kutazamia kwamba ukanushi waweza kuhama.

6. 'Tales': kutendwa na kutendana

Mwishoni mwa kitenzi Kidenmaki chaweza kuongeza '-s'. Mara nyingi kiambishi hiki huleta kauli ya kutendwa. Maandishi 'Her tales dansk' yana maana kwamba hapa husemwa Kidenmaki, na tafsiri hiyo inalingana vema, kwani Kiswahili nacho hutumia '-w-' na kumwacha mtendaji bila kutajwa.

Lakini ziko sentensi ambazo '-s' ile ile huleta kutendana. Watu wanaoagana husema:

(18) Vi ses. (Tutaonana.)
(19) Vi tales ved. (Tutazungumza.)

Sentensi ya (18) ina ulinganifu wa kupendeza: 'se' ni ona, 'ses' ni onana, na lugha zote mbili zimefanya tendo la kutendana kuwa neno la kuagana. Katika (19) maana ni kwamba pande mbili zitasemezana siku nyingine, pengine kwa simu. Chanzo cha '-s' ni kiwakilishi cha kale chenye maana ya nafsi yenyewe, kilichoshikamana na kitenzi katika lugha mama ya Kidenmaki, Kiswidi na Kinorwe, kisha kikaenea katika kutendwa. Hivyo kiambishi kimoja hubeba kauli ambazo Kiswahili huzigawia viambishi viwili, '-w-' na '-an-'. Mtu aliyezoea utengano huo ataelewa haraka kwa nini 'tales' ya bango la dukani na 'tales' ya kuagana hazina maana moja.

7. Kiambishi awali na neno linalofuata

Kiswahili huongeza maana ya kitenzi kwa kukinyambua nyuma: sema, semea, semesha, semezana. Kidenmaki huongeza mbele. Mara nyingi neno linaloongezwa mbele ni lile lile liwezalo kusimama peke yake baada ya kitenzi, na hapo ndipo maana hugeuka:

tale om, kuzungumzia, omtale, kutaja
tale ud, kumaliza kusema, udtale, kutamka
tale til, kusema na, kuhutubia. Tiltale, kusemesha, na pia kushtaki mahakamani

Mbali na hivyo viko 'overtale' (kushawishi), 'påtale' (kulalamikia jambo, hasa kwa namna rasmi) na 'aftale' (kuafikiana). Kuna pia nomino 'samtale' (mazungumzo) na 'fortale', yaani dibaji, maneno yanayotangulia kitabu.

Jozi ya 'tale ud' na 'udtale' yatosha kuonyesha tofauti. 'Lad ham tale ud' ni 'mwache amalize kusema'. 'Hvordan udtales ordet?' ni 'Neno hili hutamkwaje?' Katika ya kwanza 'ud', yaani nje, hubaki na uhai wake: maneno hutolewa nje hadi yaishe. Katika ya pili limeungana na kitenzi na kuzaa maana maalumu.

Vitenzi viwili katika kundi hili vyastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kosa ndani yake laweza kumgharimu mtu.

Cha kwanza ni 'aftale'. Iko tofauti kubwa baina ya sentensi hizi:

(20) Vi har talt om det. (Tumelizungumza.)
(21) Vi har aftalt det. (Tumeafikiana juu yake.)

Sentensi ya (20) haidai makubaliano yoyote. Watu waweza 'tale om' jambo kwa mwaka mzima bila kuamua. Lakini katika Kiswahili cha kila siku 'tulikwisha kuzungumza' aghalabu hudokeza kwamba jambo limemalizika: asemaye hivyo juu ya mahari, kodi ya nyumba au deni hamaanishi kwamba maneno yalitoka vinywani tu. Mpangaji atokaye kwa mwenye nyumba akiwa ameambiwa 'Nu har vi talt om det' aweza kuondoka akiamini kwamba amekubaliwa, hali hakuahidiwa kitu. Kinyume chake ni kibaya vilevile. Aliyekubali 'en aftale' kwa mdomo aweza kuiona kuwa mazungumzo tu, kumbe kwa sheria ya Denmaki ahadi ya kinywa hufunga: msingi huo umo katika Danske Lov, sheria za Mfalme Christian wa Tano za mwaka 1683, ambazo ziliiweka ahadi ya mdomo pamoja na ile ya mkono na ya mhuri. Neno hilohilo 'aftale' hutumika kwa miadi ya daktari na ya ofisini; kukosa kufika ni kuvunja makubaliano.

Cha pili ni 'tiltale'. Katika mazungumzo ya kawaida ni kumwelekea mtu kwa maneno, na huweza pia kuwa na maana ya kumpendeza mtu: kitu chaweza 'tiltale' mtu kwa kumvutia. Mahakamani maana yake ni moja: kushtaki. 'Den tiltalte' ni mshtakiwa, na 'tiltalen' ni mashtaka. Mtu aliyejifunza kwamba 'tale til' ni kusema na mtu, akaambiwa 'Du er tiltalt', aweza kudhani kwamba ameitwa aulizwe jambo, naye kwa hakika amekwisha kushtakiwa. Mkalimani anayefuata sehemu za neno, 'til' na 'talt', atamtolea maana ya upole ambayo haimo. Tafsiri sahihi ni 'umeshtakiwa', na mtu hawezi kujitetea asipojua kwamba anatetea nini.

8. 'Snakke' na 'ongea'

Maelezo ya 'tale' hayakamiliki bila jirani yake 'snakke'. Neno hili liliingia kutoka Kijerumani cha Chini, na maana yake ya msingi ni kupiga soga. Katika usemi wa leo husikika kila mahali:

(22) Kan vi snakke sammen? (Twaweza kuongea?)

Mwenye kutumia 'tale' mahali hapo hakosei, ila husikika rasmi kidogo zaidi. Katika hotuba, barua za ofisi na maandishi ya kitaalamu 'tale' kimeshika nafasi yake. Nyumbani, kazini na njiani 'snakke' hukisogeza. Jirani zao wametangulia katika njia hiyo: kwa Kinorwe 'snakke' ndilo neno la kawaida hata kwa kusema lugha, na kwa Kiswidi 'prata' limefanya hivyo mbele ya 'tala'.

Msomi wa Kiswahili hataona jambo hili kuwa geni. 'Ongea', kama lilivyoelezwa katika kamusi za zamani, lilikuwa neno la maongezi na la kupitisha wakati. Leo, hasa bara, husikika 'anaongea Kiswahili vizuri' mahali ambapo wengine wangesema 'anasema Kiswahili' au 'anazungumza Kiswahili'. Neno la baraza limepanda na kuwa neno la kunena kwa jumla. Katika lugha hizi, zisizo na undugu wa asili, mwendo ni mmoja: kitenzi cha jumla kinapozeeka katika urasmi, kitenzi cha soga hukaribishwa kujaza nafasi yake. Hata hivyo 'snakke', kama 'ongea', hakijavuka mpaka wa 'sige'. Hakuna asemaye 'Han snakker, at han kommer'. Hilo lathibitisha kwamba mpaka ulioelezwa katika sehemu ya tatu ni wa muundo, wala si wa mtindo.

9. Hitimisho

Yaliyoelezwa yanaonyesha kwamba ulinganisho wa 'tale' na 'sema' hauvunjiki kwa sababu neno moja ni pana na jingine ni finyu. Yote mawili ni mapana, ila kila moja limepanuka kwa upande wake. 'Sema' huchukua tendo pamoja na maneno, kisha hugawa watu kwa viambishi: kumsema, kumsemea, kumsemesha, kusemezana. 'Tale' huchukua tendo peke yake, kisha hugawa watu na mambo kwa vihusishi na viambishi awali.

Kwa mtunga kamusi ya Kidenmaki na Kiswahili, kidahizo chenye neno moja mbele ya neno moja hakitoshi. Kidahizo cha 'tale' chafaa kupangwa kwa miundo yake:

tale: kunena, kusema (bila shamirisho)
tale + jina la lugha: kusema, kuzungumza
tale med: kuzungumza na
tale om: kuzungumzia (si 'kumsema')
tale til: kusemesha, kuhutubia
tale ud: kumaliza kusema
tales ved: kuzungumza, kusemezana (hasa katika kuagana)
Kwa maneno yanayonukuliwa au yanayofuata 'kwamba', tazama 'sige'. Kwa habari na visa, tazama 'fortælle'. Kwa usemi wa nyumbani, tazama 'snakke'.

Vidahizo vya 'aftale' na 'tiltale' vyafaa kusimama peke yake, mbali na 'tale', kila kimoja kikiwa na mifano ya ofisini na ya mahakamani. Mwalimu naye aweza kuanza na zoezi dogo: kuwapa wanafunzi sentensi kumi zenye 'sema', na kuwauliza kila mara kama jibu linalotakiwa ni la 'Anafanya nini?' au la 'Kasema nini?' Mwanafunzi akiweza kuzigawa bila kusita, vihusishi na viambishi awali vyaweza kufuata kimoja kimoja, na makosa mengi yaliyotajwa hapa hayatakuwa na nafasi ya kuota mizizi.